Mchawi Tunayemtafuta

Siku moja baada ya Misa, mzee mmoja wa kigango chetu alitushika mkono, akatuambia kwa upole ya kuwa haifai walimu Wakristo kuwasimulia vijana hadithi za Wamarekani ambazo ndani yake Ibilisi hutembea na kusema kama mtu. Akasema, “Watoto wetu wana mashetani ya kutosha hapa Mpanda, ya nini kuwaletea na mengine kutoka ng’ambo?” Tulimwitikia kwa heshima, maana ni mzee wetu, wala hatukutaka kubishana naye mlangoni pa kanisa. Lakini neno lake limekaa nasi, na leo twataka kulijibu mbele ya wote, kwa kuwa si lake peke yake. Wako wengi wanaodhani kwamba Mkristo hujikinga na uovu kwa kutousikia, na kwamba uovu ukisikika, basi umo nyumbani kwa jirani.

Sisi twasema kinyume chake. Twasema kwamba hadithi hizo zinamwonyesha Ibilisi mahali anapofanya kazi kweli, na kwamba sisi Wakristo wa Katavi, kwa kumtafuta mahali pengine, tumekuwa watumishi wake.

Kwanza tuungame yetu, maana asiyeungama hana haki ya kuonya. Katika kijiji kimoja cha mkoa wetu, ambacho hatutakitaja, watoto wawili walikufa katika majuma matatu ya masika. Walishikwa na homa, kisha degedege, wakafa kabla ya kufikishwa zahanati, kwa kuwa mvua zilikuwa zimekata njia. Kila aliyepita darasani alijua habari za mbu na malaria, na waliopita darasani ni wengi. Hata hivyo, katika matanga ya mtoto wa pili pakaanza kunong’ona, na juma halijaisha wakaitwa lambalamba, wale waganga wanaojidai kufichua wachawi. Daftari likapitishwa, kila kaya ikatakiwa shilingi elfu tatu. Waislamu walitoa, Wakristo walitoa, wasio na dini walitoa. Sisi nasi tulitoa. Tulijiambia kwamba fedha ni kidogo, na kwamba asiyetoa ndiye atakayetajwa. Hayo yote ni kweli, wala hayatuondolei hatia.

Wakaja kwa ngoma na mikoba. Wakaingia nyumba hii na hii, wakachimba, na katika nyumba ya bibi mmoja mjane wakatoka na pembe iliyofungwa kitambaa chekundu. Mkoba wa yule aliyeingia haukukaguliwa alipoingia, wala hakuna aliyethubutu kusema ukaguliwe. Bibi yule macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi, na watu wakasema macho hayo ni ushahidi. Alipoulizwa kama pembe ni yake, alinyamaza. Wakasema hata kunyamaza ni ushahidi. Akanyolewa kichwa mbele ya wajukuu zake, akachanjwa chale, akaachwa. Baada ya siku chache akaondoka usiku kwenda kwa binti yake, wala hajarudi mpaka leo. Huyo ndiye aliyekuwa akiwafundisha watoto wetu ishara ya msalaba chini ya mwembe wake, kabla hawajafika umri wa katekisimu.

Mzee aliyetuonya juu ya Ibilisi wa Marekani alikuwako siku ile. Hakutuonya juu ya daftari, wala sisi hatukumwonya yeye.

Basi sikilizeni hadithi iliyotushitaki. Iliandikwa na Mmarekani Nathaniel Hawthorne, ikachapishwa mwaka 1835, nayo yaitwa “Young Goodman Brown”. Kijana Brown, mkaaji wa kijiji cha Salem, amwaga mkewe jioni moja kwenda mwituni kwa shughuli asiyotaka kuitaja. Mkewe jina lake Faith, maana yake Imani, naye amevaa kofia yenye utepe wa rangi ya waridi. Mwituni Brown akutana na mtu mzima mwenye fimbo inayofanana na nyoka. Mtu huyo asema aliwafahamu baba na babu wa Brown, akawasaidia katika matendo yao ya ukatili. Kisha Brown aona mmoja mmoja wale aliowaheshimu wakienda kwenye mkutano wa giza: mama mzee aliyemfundisha katekisimu, shemasi, na mchungaji mwenyewe. Mwisho asikia sauti kama ya mkewe, na utepe waanguka kutoka hewani. Hapo akata tamaa, akimbilia mkutano, na mbele ya moto amwona mkewe amesimama miongoni mwao. Ampigia kelele atazame mbinguni. Mara kila kitu chatoweka, naye ajikuta peke yake katika mwitu wenye baridi.

Asubuhi arudi kijijini. Mchungaji yu matembezini, akitafakari mahubiri yake; yule mama mzee amfundisha mtoto mdogo dini mlangoni pake; mkewe amkimbilia kwa furaha. Brown ajitenga na mchungaji, ampokonya yule mama mtoto kana kwamba anamwokoa katika makucha ya shetani, ampita mkewe bila salamu. Je, yalikuwa kweli au ndoto? Mwandishi hasemi. Asema tu kwamba tangu siku ile Brown akawa mtu wa huzuni na shaka, asiyeweza kusikia zaburi bila kuchukia, hata akafa mzee, na saa ya kufa kwake ikawa ya giza.

Angalieni, ndugu, Ibilisi wa hadithi hii hakumwua mtu. Hakumtia mtoto homa, wala hakukausha mahindi ya mtu. Kazi yake ilikuwa moja tu: kumwaminisha mtu mwema kwamba jirani zake wote ni waovu. Alipokwisha kumwaminisha hilo, hakuwa na haja ya kurudi kwake tena. Jina Shetani katika Kiebrania lina maana ya mpinzani, mshitaki anayesimama kumshitaki mtu. Basi anayesimama katikati ya kijiji kumshitaki mjane bila ushahidi, anaifanya kazi ya nani?

Wazee wetu wa Kiswahili walikuwa na methali: mchawi mpe mwana akulelee. Walijua kwamba hata mtu unayemshuku, ukimwamini kwa kitu cha thamani, huona haya kukudhuru. Brown alimpokonya mama mzee mtoto. Sisi tuliwaondoa watoto wetu chini ya mwembe wa bibi. Methali ya mababu zetu ilikuwa na Injili nyingi kuliko kijiji chetu chenye kanisa.

Wala Hawthorne hakubuni jambo hili kichwani tu. Mwaka 1692, huko Salem katika Massachusetts, wasichana wachache walishikwa na ugonjwa wa kutetemeka na kupiga kelele, wakaanza kuwataja watu kuwa wachawi. Nchi ile ilikuwa ya Wakristo wa kusali sana, wasioruka Jumapili. Watu zaidi ya 150 walishitakiwa. Kumi na tisa walinyongwa, mzee mmoja aliyekataa kujibu mashitaka alikandamizwa kwa mawe mpaka akafa, na wengine walifia gerezani. Ushahidi mkubwa ulikuwa ule wa mizimu: mshitaki alisema ameona umbo la fulani likija kumtesa, na mahakama ikakubali. Nani awezaye kujitetea na ndoto ya mwenzake?

Miongoni mwa walionyongwa alikuwamo Rebecca Nurse, mama wa miaka 71, aliyesifiwa kwa uchaji wake. Wazee wa baraza kwanza walimwona hana hatia. Kukawa na makelele, wakaambiwa wafikiri tena. Wakamwuliza neno moja alilolisema, naye hakujibu, wakamhukumu. Baadaye alieleza kwamba masikio yake yalikuwa mazito na moyo wake umejaa huzuni, hakusikia vema alichoulizwa. Kanisa lake lilikuwa limemtenga kabla hajanyongwa. Lilikuja kuifuta hukumu hiyo mwaka 1712, miaka 20 tangu alipokufa. Tuliposoma habari hiyo tulimkumbuka bibi wetu aliyenyamaza. Mpaka leo hakuna aliyemwuliza kwa nini alinyamaza.

Mmoja wa mahakimu wa Salem aliitwa John Hathorne. Huyo ni babu wa mababu wa mwandishi wetu, aliyezaliwa katika mji uo huo mwaka 1804, akaongeza herufi moja katika jina la ukoo. Mwandishi huyo alisema wazi katika kitabu chake cha mwaka 1850 kwamba ajitwika aibu ya wazee wake. Hata yule mama wa katekisimu katika hadithi amepewa jina la mwanamke aliyeshitakiwa kweli, ndugu wa Rebecca Nurse. Hadithi hii basi si mchezo wa mashetani. Ni toba ya mjukuu kwa ajili ya wale ambao babu yake aliwatuma kwenye kamba.

Hapa twajua tutajibiwa: “Mwalimu, je, wasema hakuna uchawi? Kikulacho ki nguoni mwako. Adui wa mtu hutoka karibu.” Twajibu: wako watu wenye nia mbaya, wako wanaotoa sumu, wako waongo wanaouza hirizi. Nchi yetu ina sheria ya uchawi tangu mwaka 1928, na ina polisi na mahakama. Mwenye ushahidi wa sumu na aupeleke huko. Lakini ndoto si ushahidi, macho mekundu si ushahidi, na pembe iliyoingia na mkoba wa mganga haikuwa ya nyumba ile. Tena methali hiyo mnaitumia vibaya. Nguo iliyo karibu nawe kuliko zote si ya shangazi wala ya jirani. Ni moyo wako mwenyewe.

Na hao mafundi wa kumaliza uchawi, je, wamewahi kuumaliza? Katika miaka ya 1930 walitokea Nyasaland, nchi iitwayo leo Malawi, vijana walioitwa Mchapi, wakaenea hata kwa Wabemba wa Zambia ya leo. Waliwanywesha watu dawa, wakiahidi kwamba uchawi umekwisha, na atakayeurudia atakufa. Kwa jirani zetu Wafipa harakati hiyo ilijulikana kwa jina la Kamchape, nayo haikuja mara moja tu. Ilirudi tena na tena, na bado ilikuwa ikipita katika miaka ya 1960. Leo kwetu wanaitwa lambalamba. Ikiwa dawa ya kwanza ilimaliza uchawi, ya pili ilikuja kufanya nini? Fundi anayeziba paa lile lile kila masika, na kila masika linavuja, hatumwiti fundi. Lakini huyu twamlipa, tena kwa daftari.

Hadithi ya pili ni ya mwanamke, Shirley Jackson, iliyotoka katika gazeti The New Yorker mwezi Juni 1948. Yaitwa “The Lottery”, yaani kura. Watu wa kijiji, kama mia tatu, wakutana uwanjani asubuhi ya tarehe 27 Juni. Hali ya hewa ni nzuri, watoto wakusanya mawe, wanaume wazungumza habari za mvua na matrekta. Kila mkuu wa nyumba achukua karatasi katika sanduku jeusi. Karatasi moja ina doa. Watu wa nyumba iliyoipata wachukua karatasi tena, na mwenye doa apigwa mawe mpaka afe, kwa sababu ndivyo ilivyofanyika siku zote. Na mzee mmoja awacheka vijana wa vijiji vingine waliofikiri kuiacha desturi hiyo.

Mama anayeuawa jina lake Tessie Hutchinson. Alichelewa kufika kwa kuwa alikuwa anaosha vyombo, akacheka na jirani zake, akamhimiza mumewe aende kuchukua karatasi. Hakuona kosa lo lote katika kura ile miaka yote iliyopita. Alianza kulia kwamba si haki siku ile ilipoangukia nyumba yake. Mwanawe mdogo naye alipewa vijiwe mkononi.

Ndugu zetu, imewahi kutokea katika vijiji vya nchi hii watu kuitwa uwanjani, wapewe vipande vya karatasi, waandike kwa siri jina la yule wanayemdhani mchawi. Aliyepata majina mengi akahesabiwa amethibitishwa. Jackson hakuwa mhubiri, wala hakuandika habari za Katavi. Lakini atuuliza swali ambalo mahubiri mengi hayatuulizi: wewe unayetoa shilingi elfu tatu leo, ukitumaini kwamba kura itaangukia nyumba nyingine, utasema nini itakapoangukia ya mama yako? Naye atazeeka. Macho yake nayo yatakuwa mekundu.

Hadithi ya tatu ni ya Flannery O’Connor, Mkatoliki wa jimbo la Georgia, aliyekufa mwaka 1964 kwa ugonjwa wa muda mrefu, akiwa na miaka 39. Katika mwaka wake wa mwisho ilitoka hadithi yake “Revelation”, yaani ufunuo. Mama mmoja mnene, Bibi Turpin, ameketi na mumewe katika chumba cha kungojea daktari. Ni Mkristo, msafi, mwenye shamba na nguruwe. Awatazama waliomo na kuwapanga kimoyomoyo kwa daraja: huyu mtu wa maana, huyu takataka. Kisha amshukuru Yesu kwa sauti kwamba hakumwumba kama wengine. Papo hapo msichana aliyekuwa akisoma amtupia kitabu usoni, amkaba shingo, amwambia arudi jehanamu alikotoka, kwa kuwa ni ngiri.

Sisi wa Katavi hatuna haja ya kuelezwa ngiri ni nini. Kila aliyepita njia ya Sitalike katika hifadhi amemwona akila kwa kupiga magoti kama anayesali, kisha akatimua mbio mkia juu. Tusicheke upesi. Jioni yule mama asimama penye zizi la nguruwe, amwuliza Mungu kwa hasira amewezaje kuitwa hivyo. Ndipo aona kama daraja kutoka duniani hata mbinguni, na watu wanapanda: mbele waenda wale wote aliowadharau, wakiruka kwa furaha, na nyuma kabisa, kwa mpango na heshima, waja watu kama yeye, na nyuso zao zaonyesha kwamba hata wema wao unachomwa uondoke.

Mwajua mfano wa Bwana wetu wa Farisayo na mtoza ushuru waliopanda hekaluni. Twausikia kila mwaka, na kila mwaka twamfikiria Farisayo mwingine. O’Connor amemleta akaketi nasi penye benchi la zahanati. Siku ile ya lambalamba, wengi waliokuwa mstari wa mbele walikuwa watu wa kanisa, na walisema, “Asante Mungu, kwangu hawakukuta kitu.” Hiyo ndiyo sala ya Bibi Turpin.

Labda bado mzee wetu atasema, “Hizi ni hadithi za Wamarekani, sisi tuna Biblia.” Ndiyo, mzee wetu. Nayo Biblia yatuambia kwamba Daudi alipochukua mke wa mtu na kumwua mumewe, nabii Nathani hakumwendea kwa sheria. Alimwendea kwa hadithi fupi ya maskini na kondoo wake mmoja. Daudi alikasirika juu ya tajiri wa hadithi, ndipo akaambiwa kwamba tajiri ni yeye. Moyo uliofunga mlango mbele ya karipio huufungua mbele ya hadithi. Kwa sababu hiyo twazisimulia, na tutazidi kuzisimulia.

Wala tusiseme kwamba kwetu hakukuwa na njia nyingine. Huko Karema, kando ya ziwa, alifika mwaka 1889 Adriano Atiman, mtu aliyeuzwa utumwani alipokuwa mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomea udaktari Malta. Alitibu na kufundisha dini kama katekista mpaka alipokufa mwaka 1956. Kwa zaidi ya miaka sitini watu wa nchi hii walimletea wagonjwa wao. Aliwapa dawa na sala. Hakuwapa jina la jirani wa kumchukia. Huo ndio urithi wetu, nao ni mkongwe hapa kuliko kanisa la kila mmoja wetu.

Mwaka 1697, siku ya kufunga iliyotangazwa kwa ajili ya makosa ya Salem, mmoja wa majaji, Samuel Sewall, alisimama mbele ya watu katika kanisa lake mjini Boston, mchungaji akasoma karatasi aliyoiandika, ya kwamba alaumiwe yeye na kwamba aona haya. Alisimama mpaka karatasi ikaisha kusomwa. Haikumfufua mtu. Lakini watoto waliokuwamo waliona kwamba mkubwa aweza kukosa na kusema nimekosa.

Sisi hatukuwa majaji. Tulitoa shilingi elfu tatu na tukanyamaza, na karatasi hii ndiyo kusimama kwetu. Tumekubaliana na wenzetu wachache mambo matatu: kwenda kwa binti wa bibi yule kumwomba radhi, na akikubali kurudi, kuiezeka nyumba yake kwa mikono yetu, kutotoa tena senti kwa lambalamba, hata tukitajwa, na mtoto ye yote akishikwa homa usiku, kutoa baiskeli na pikipiki zetu afike zahanati kabla ya degedege. Msomaji, twakuomba ufanye hivyo kijijini kwako, nawe mzee wetu twakuomba uwe wa kwanza, maana neno lako lasikiwa kuliko letu.

Masika yanakuja. Homa zitakuja nayo, na daftari litapitishwa tena mlango kwa mlango. Siku hiyo kila mmoja wetu atasimama mlangoni pake, na jirani zake watamsikia atakavyojibu.